Linani Lisilo na Mlango

Mimi ndiye niliyemwambia Kweyu kwamba mazimwi yake yamekuwa kuku, na neno hilo silirudishi, kwa sababu lilikuwa kweli. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukiketi kwenye meza yake pale mtaa wa Tena, tumeshiba chapati za mkewe, Mama Lydiah, na kila alichotutolea kilikufa kabla chai haijapoa. Joka la mtoni, likafa. Fisi wa vichwa viwili, akafa. Mkuki wangu ulikuwa umetiwa dawa ya kurudi mkononi kila nikiurusha. Okumu alikuwa na pembe ya mganga iliyoweza kumwinua mtu aliyekwisha kukata roho. Wabwire naye alikuwa na ngao ambayo hakuna jino wala kucha iliyowahi kuipenya. Sasa huo ni mchezo gani? Ukimshinda mtoto wa nasari mbio, utakwenda kumsimulia nani?

Niueleze kidogo, maana wengi hawajauona. Kasha la mchezo lilitoka kwa mzungu aliyekuja kufundisha watu wa reli mambo ya kompyuta, na alipokwenda zake akamwachia Kweyu, karani wa hapo. Ndani mlikuwa na kitabu cha sheria na dadu za ajabu, moja ikiwa na nyuso ishirini. Ubao haupo. Mmoja anakuwa msimulizi, anawaambia mko wapi na mmekutana na nini. Wengine kila mmoja ana mtu wake, amempa jina, silaha na kiasi cha nguvu, na ndiye anayesema mtu huyo anafanya nini. Pakiwa na shaka dadu inarushwa. Namba kubwa ni neema, namba ndogo ni msiba.

Kitabu cha pili, cha mazimwi, hakikuwamo kwenye kasha. Kwa hiyo Kweyu aliyatunga mwenyewe, na kazi ya kuyapima ilikuwa yake. Nguvu za zimwi alizishika kichwani, sisi hatukuziona. Alikuwa na msemo wake: zimwi zuri linakufanya utamani kukimbia, lakini halikunyimi pa kupitia. Hapo pa kupitia alipaita mlango. Kila zimwi, alisema, lazima liwe na mlango, hata uwe mdogo namna gani.

Siku hizo Nairobi nzima ilikuwa inasaka waabudu shetani, na watu wazima wanaonguruma wakijifanya majoka si jambo la kueleza kwa majirani. Mama Lydiah alikuwa anafungua mapazia yote na mlango wa mbele tukicheza, ili kila anayepita aone ni chai na kelele tu.

Basi tulikuwa wanne. Mimi Mideva, fundi cherehani wa pale madukani, mtu wangu aliitwa Malkia wa Sindano. Okumu alikuwa msoma mita za maji wa kanju, yaani baraza la jiji, mdomo mrefu, mtu wake jina lake lilibadilika kila alipochoka nalo. Kweyu msimulizi. Na Wabwire, aliyeimba pamoja na Kweyu sauti ya chini kwenye kwaya. Wabwire alifanya kazi kiwanda cha misumari kule Industrial Area, na alikaa Mukuru kwa Njenga. Alikuja kwa miguu. Akifika mlangoni alitoa kipande cha gazeti mfukoni, akafuta viatu, akakunja gazeti, akalirudisha mfukoni, ndipo akabisha ingawa mlango uko wazi. Mtu wake aliitwa Makokha, na hakuwahi kumbadilisha jina wala kumfanyia mzaha.

Jumapili ninayoisimulia, Wabwire alifuta viatu, akabisha, akakaa. Mama Lydiah alikuwa na unga mikononi. Akamwambia kutoka jikoni, "Wabwire, wewe siku hizi ni wa nyumba hii. Chai iko kwenye thamosi, jimiminie."

"Mgeni siku mbili," Okumu akaanza.

"Ya tatu mpe jembe," mimi nikamalizia, tukacheka. Wabwire alijimiminia chai kwa uangalifu mkubwa, na nilimwona amefurahi. Kweyu hakucheka. Alikuwa anapanga dadu zake kimya, na mimi nikajua amechukia kwa lile neno langu la kuku.

"Mmefika kwenye shamba la mahindi," akasema. "Mahindi yamekauka yangali yamesimama. Hakuna ndege. Katikati ya shamba kuna linani."

"Hawa wa nyanya zetu?" Okumu akauliza. "Wa kula watu?"

"Hao hao."

Nikarusha mkuki. Dadu ikaonyesha kumi na saba, na mimi nikainua mikono kushangilia.

"Mkuki umegonga ngozi ukaanguka," Kweyu akasema.

"Na kumi na saba?"

"Hata ishirini. Ngozi yake haipitishi chuma."

"Haya, umerudi mkononi."

"Umerudi. Haujafanya kitu." Akageuka kwa Wabwire. "Linani linafungua mdomo. Linammeza Makokha."

"Naweka ngao," Wabwire akasema.

"Limemeza na ngao."

"Nirushe?"

"Hakuna kurusha."

"Napiga pembe," Okumu akasema haraka. "Namwinua."

"Pembe haisikiki tumboni."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumtukana Kweyu vizuri. Mwezi mzima anatuletea kuku, leo anatuletea ukuta, halafu anajiita msimulizi. Ndipo nikamtazama Wabwire, na tusi likakauka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kikombe kilikuwa mkononi, kimeinama, chai inamwagika juu ya goti na yeye hajui.

"Amekufa?" akauliza.

"Amekufa, ndugu yangu. Pole. Utatengeneza mwingine."

"Mwili uko wapi?"

Kweyu akatabasamu, akidhani ni utani. "Mwili utoke wapi? Amemezwa mzima."

"Ndivyo walivyotuambia," Wabwire akasema. "Hivyo hivyo. Kwamba mwili utoke wapi."

Akatueleza, na hakupandisha sauti hata mara moja. Makokha alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alikuwa taniboi wa lori, yule anayemsaidia dereva. Mwaka wa tisini na nne lori lao lilipakia mahindi ya msaada kwenda Kigali, na kilichokuwa kikitokea Kigali mwaka huo kila mtu anakijua. Lori halikurudi. Dereva hakurudi. Mwenye lori alisema hajui, na alikuwa anasema kweli, kwa sababu na yeye alikuwa akilia. Nyumbani kwao, upande wa Kimilili, baba yao mzee alitaka ifanywe inavyofanywa mwili ukikosekana: ukatwe mgomba, uvikwe sanda, uzikwe badala ya mtu. Lakini mkata mgomba ni kaka mkubwa, na kaka mkubwa, huyu tuliyekuwa tukimwita mkimya, alikuwa amekataa.

"Mtu akishazikwa haingii tena langoni kwao," akasema. "Hata kama kilichozikwa ni mgomba. Sasa akirudi je? Akute kaburi lake, ageukie wapi?"

Akafuta chai iliyomwagika gotini, akaendelea.

"Siku ya kwanza mliponiambia nimpe mtu wangu jina, jina lilikuja lenyewe. Akapona. Jumapili ya pili akapona. Nikajiambia, maadamu anasimama hapa mezani, yuko mahali amesimama. Mzee akituma mtu kuniuliza, namjibu bado." Akaweka kikombe mezani. "Sasa nitakwenda kukata mgomba."

Nakumbuka niliitazama ile dadu ya ishirini kana kwamba ndiyo iliyosema. Nimefiwa, nimeona watu wakifa kwa macho yangu, lakini sikuwahi kuona mtu anazikwa kwa sababu karani wa reli amekasirika.

"Wabwire," nikasema, "huu ni mchezo."

"Najua ni mchezo, Mideva," akanijibu kwa upole, kama ndiye anayenituliza.

Kweyu alikuwa amesimama. "Nafuta. Sikiliza, nafuta yote. Hili linani sikulipima. Halina mlango. Nilikuwa na hasira na Mideva, nikaliacha hivyo makusudi. Haikuwa haki, kwa hiyo haihesabiki."

"Hapana, Baba Lydiah. Ukiweza kufuta kufa kwake, basi hata kupona kwake kulikuwa kwa kufuta."

Kweyu alivuta kiti chake. Akaketi. Nilidhani ni aibu tu.

Wabwire akachukua kikombe chake, akakiosha jikoni, akakifunika juu ya kabati palipo na vikombe vya nyumba. Halafu akaaga kila mtu kwa mkono na kushika njia ya Mukuru.

Mimi sikuondoka mpaka nimemaliza hasira zangu zote. Nilimwambia Kweyu kwamba hata nyanya yangu kule Maragoli, ambaye hakujua kusoma hata chapa ya sukari, alijua kupima zimwi kuliko yeye. Linani la nyanya lilimeza kijiji kizima, watu na ng'ombe na mbwa. Lakini lilipozidiwa lilisema lenyewe: nikateni kidole hiki cha mwisho. Kidole kikikatwa wote wanatoka, mmoja mmoja, wakiwa na vitu vyao mikononi.

"Kila mtoto wa kwetu anajua," nikasema. "Mlango uko kwenye kidole."

"Hata mimi najua," Kweyu akasema. "Ndio maana niliuziba."

"Sasa uzibue."

Alifungua kitabu cha sheria, akakifunga. "Jumapili ijayo," akasema mwishoni. "Linani lile lile, na kidole chake. Lakini Wabwire hatakubali nikilipunguza. Atajua. Itabidi nilipime sawasawa, Mideva. Kweli sawasawa."

"Si ndiyo kazi yako?"

Akaanza kurudisha dadu kwenye kasha.

Siku iliyofuata nilifunga cherehani mapema nikaenda Mukuru kwa Njenga kumtafuta Wabwire kabla hajakata tikiti ya basi. Nilikuta mlango wake uko wazi na mwanamke ameketi kwenye kigoda, begi la safari liko miguuni. Akaniambia Wabwire hajatoka kiwandani. Akaniambia karibu, keti. Akaniambia yeye ni Khalayi, mke wa Makokha, ametumwa na mzee kumuuliza Wabwire lile swali la kila siku.

Na mimi mdomo wangu, Mungu anisamehe, haujawahi kungoja kichwa. Nilidhani nimemletea habari njema. Nikamwambia yote: kasha, dadu, ngao, shamba la mahindi, linani, kidole. Nikamwambia Wabwire alikuwa ameshakubali kuzika lakini asiwe na wasiwasi, Jumapili tunaweza kumtoa Makokha tumboni, na msiba usiwepo. Katikati ya maneno nilianza kujisikia, na niliyoyasikia yalinitisha. Lakini nilikuwa nimeshafika kwenye kidole, nikamalizia.

Khalayi alikuwa hatikisiki.

"Mezani," akasema. "Mume wangu mmekuwa mkimweka mezani."

"Hatukujua, dada. Kwetu lilikuwa jina tu."

"Shemeji huniambia bado, kuna dalili. Kila mara dalili. Mimi nikadhani labda anaota ndoto, labda ameona nabii kanisani. Kumbe ni dadu." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kisha akaniuliza, "Wewe umeolewa?"

"Niliolewa. Alifariki."

"Basi kwenye matanga unajua mahali pa kukaa."

Sikuelewa upesi, akanieleza. Kule kwao, watu wakifiwa, wajane wana upande wao wa kukaa na wenye waume wana upande wao. Yeye hana upande. Akikaa na wajane, wakwe wanasema amemwua mume wake kwa mdomo wake. Akikaa na wenye waume, wanawake wanamtazama. "Kwa hiyo naenda jikoni," akasema. "Kila matanga napika. Wananisifu, Khalayi ana bidii. Nikicheka, nimecheka na mume hajulikani aliko. Nikilia, nimemzika. Sijalia mimi, dada. Tangu lile lori."

Nilikaa pale kwenye kitanda cha Wabwire nimeduwaa. Kumbe mimi nilikuwa nimekuja Mukuru na miguu yangu kuomba mwanamke huyu aendelee kupika.

Wabwire akarudi, shati limejaa vumbi la chuma. Nilimweleza habari ya Jumapili kwa sauti ndogo, natamani asisikie. Akasikia. Akasema atakuja kwa sharti moja, Kweyu asimhurumie. Khalayi alikuwa anafungua begi lake, anatoa ndizi alizoleta kutoka nyumbani.

"Na mimi nitakuja," akasema bila kugeuka.

Jumapili hiyo Mama Lydiah alifungua mapazia na mlango kama kawaida, lakini hakupika chapati. Khalayi alipewa kiti karibu na dirisha. Wabwire alikaa mahali pake pa siku zote, hana mtu wa kumchezea, mikono ameiweka katikati ya magoti.

Kweyu akasimulia shamba lile lile. Safari hii alitueleza wazi kipimo chote: ngozi inapitisha chuma, lakini kwa namba kubwa tu. Kumeza kunaweza kukwepwa, lakini kwa namba kubwa tu. Na kidole kipo. Aliongea polepole, akipima kila neno, na nilijua kwamba kwa mara ya kwanza tangu nianze kucheza kwake sijui kama nitashinda. Hicho ndicho nilichokuwa nikimdai kwa kelele. Sasa nilikuwa nimekipata, na sikukitaka.

Okumu alimezwa mapema. Alirusha dadu ikatoka tatu, akaitazama, akasema, "Sawa," basi. Mimi nilipigwa nikabaki na nguvu kidogo sana, pigo moja lingenimaliza. Mkuki uliingia mara mbili. Ukarudi mkononi. Nami nilikuwa na mioyo miwili, nawaambia kweli: mmoja unataka kushinda kwa ajili ya Wabwire, mwingine unamwona Khalayi dirishani na unataka dadu ianguke vibaya.

"Linani limepiga goti," Kweyu akasema. "Linanyoosha mkono. Kidole cha mwisho kiko mbele yako. Rusha."

Nikarusha. Dadu ikaviringika, ikagonga thamosi, ikasimama. Kumi na tisa.

"Umekata," Kweyu akasema.

Wakaanza kutoka. Kweyu alisimulia vizuri siku hiyo, siwezi kumnyima. Akatoka mtu wa Okumu na pembe yake. Akatoka mwanamke mzee na kikapu. Wakatoka ng'ombe, na nyuma yao mtoto na fimbo ya kuchungia. Mahindi yakaanza kuwa kijani.

"Na Makokha?" Wabwire akauliza.

"Yeye amekaa tumboni zaidi ya mtu wa Okumu," Kweyu akasema. "Siwezi kusema tu ametoka. Lazima tumrushie. Kumi na moja kwenda juu anatoka hai. Kumi kwenda chini linatoka vazi lake. Nimepima, Wabwire. Nusu kwa nusu. Hakuna huruma hapo."

Nikamsogezea Wabwire dadu. Akainua mkono, akaurudisha katikati ya magoti. "Rusha wewe," akaniambia.

Nikaiokota. Nikaitikisa ndani ya ngumi. Ndipo kiganja kikashuka juu ya ngumi yangu, kikavu, cha mtu wa jembe, kikaibana pale mezani. Khalayi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ngoja kidogo," akasema. Akamgeukia Kweyu na kumuuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia. "Baba Lydiah. Kabla ya hili linani, aliwahi kufa?"

Ni swali ambalo hatukuwahi kumuuliza. Tungemuulizia nini? Tulikuwa tunamwona Makokha mzima kila Jumapili. Nilimtazama Kweyu nikingoja aseme hapana, na hakusema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alitazama meza, akamtazama mkewe, akatazama mlango uliokuwa wazi.

"Aliwahi," akasema.

Nilidhani sikusikia sawa.

"Mtoni," Kweyu akasema. "Lile joka lilikuwa bado na nguvu. Pigo lililofuata lingemmaliza. Nikasema limekufa. Na kwa yule fisi, kichwa kimoja kilikuwa hakijaguswa. Nikasema naye amekufa." Akamgeukia Khalayi. "Nilikuwa nayapunguza, mama. Mazimwi. Kila likimkaribia Makokha, nalipunguza."

"Mara ngapi?"

"Karibu kila Jumapili."

Okumu akasema "Yesu" kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeganda. Wale kuku wote. Zile sifa zangu zote, mkuki unaorudi, Malkia wa Sindano asiyeshindika. Sikuwa nimeshinda kitu. Nilikuwa nimesimama karibu na mtu anayehurumiwa, huruma ikanimwagikia na mimi, nami nikadhani ni nguvu zangu.

Wabwire alikuwa ameinuka. Mtu huyu alikuwa na mikono ya kukunja misumari, na kwa kitambo niliogopa.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ulikuwa mgeni," Kweyu akasema. "Unatembea kutoka Mukuru na jua lile. Unafuta viatu mlangoni. Ningemwuaje mtu wako ndani ya nyumba yangu, halafu nikwambie karibu chai?"

"Na Jumapili iliyopita?"

Kweyu akashindwa kumtazama.

"Jumapili iliyopita," akasema, "ulijimiminia mwenyewe."

Mama Lydiah akafunika mdomo kwa leso. Mshtuko una namna ya kumfanya mtu aone vitu vidogo: niliona kikombe cha Wabwire juu ya kabati, kimefunikwa pale pale alipokiacha. Nikaona kwamba Wabwire naye anakitazama.

"Basi alikufa zamani," akasema polepole. "Mimi ndiye nilikuwa nakaribishwa."

Mkono wa Khalayi ulikuwa bado juu ya ngumi yangu. Nikausikia unalegea. Nikamsikia akivuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, halafu sauti ikaanza. Ilianza chini, karibu na kifua, sikujua kama ni yake. Ikapanda. Ikatoka nje ya mlango uliokuwa wazi na madirisha yaliyokuwa wazi, saa kumi ya Jumapili, Tena nzima watu wanaanua nguo na kusikiliza redio. Akamwita kwa jina. Akamwita baba wa watoto wake. Akamuuliza kwa nini hakuaga.

Mliokaa Eastlands mnajua kinachofuata. Kilio kikisikika hakiulizwi kwanza ni cha nani, watu wanakuja. Redio zilizimwa moja baada ya nyingine. Mwalimu Awiti wa ghorofa ya juu alishuka na kanga ameifunga kiunoni. Wakaja wanawake wa ushirika wetu. Barre mwenye duka akaja, akavua viatu mlangoni, akasimama hapo akiwa ameinamisha kichwa. Viti vilitolewa nje. Mtu akaondoa kasha la mchezo kwenye meza bila kujua ni nini, akaliweka juu ya kabati, na meza yenyewe ikasukumwa ukutani. Walimkalisha Khalayi chini kwenye mkeka na wengine wakaketi kumzunguka.

Mwalimu Awiti akanishika bega. "Nani?" akaniuliza.

"Makokha," nikasema. "Mume wa huyu."

"Maskini. Lini?"

Nikamtazama Wabwire. Alikuwa amesimama karibu na mlango na kipande chake cha gazeti mkononi, amekikunjua, hajui cha kufanya nacho. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta.

"Tisini na nne," akasema.

Mwalimu Awiti alimtazama, akanitazama mimi, na kwa akili zake nzuri hakuuliza tena. Alikwenda kukaa na wengine akapokea kilio.

Mama Lydiah akawasha jiko na kuweka sufuria kubwa, ile ya sherehe, kwa sababu watu walikuwa wengi na wote wangehitaji chai. Khalayi alisikia mlio wa sufuria. Akanyamaza. Akajifuta uso kwa kiganja, akaegemea mkono mmoja chini, akaanza kuinuka aende jikoni kama alivyozoea kwenye misiba ya watu.

Mama Lydiah alimfikia kabla hajasimama. Akamshika mabega.

"Leo tunapika sisi," akamwambia. "Wewe kaa."

Khalayi akakaa. Mimi nikaenda jikoni kupima majani ya chai, na hapo ndipo nilipogundua kwamba dadu bado iko ndani ya ngumi yangu, haijarushwa.